Muuzaji akisema "haya" upesi, shtuka

Msomaji mmoja wa Arua kaniuliza jana: muuzaji wa gari anataka milioni 18, je, yeye ataje ngapi? Ndugu yangu, ngoja kwanza nikusimulie yaliyonikuta.

Mwaka juzi, hapa Busia, nilinunua pikipiki kwa mzee wa mtaani kwetu. Nilifika saa moja asubuhi nikakuta injini ina moto. Nikadhani katoka sokoni. Akataka milioni 3 na nusu. Nami, kwa ujanja wangu, nikataja milioni 2 na laki 8, nikiwa tayari kubishana hadi adhuhuri. Mzee hakuguna hata kidogo. "Haya, lete, mwanangu." Nikarudi nyumbani naimba. Kesho yake alfajiri, injini ikiwa baridi, moshi wa buluu ulijaa uani, mke wangu akakimbilia kuanua nguo. Ringi za pistoni zimekwisha, na oili nzito imetiwa kufichia. Fundi alikula laki 6.

Wasomi walishalieleza hili. Mwanauchumi George Akerlof aliandika mwaka 1970 jinsi soko la magari yaliyotumika linavyoharibika muuzaji anapojua asichokijua mnunuzi. Mwaka 2001 akapata tuzo ya Nobel ya uchumi pamoja na wenzake Spence na Stiglitz. Piga hesabu. Tuseme kitu kina thamani yoyote kati ya 0 na 100 kwa muuzaji, kila moja kwa nafasi sawa. Yeye anaijua, wewe huijui, na kwako kina thamani mara moja na nusu ya hiyo. Ukitoa 60, atakubali tu kama kwake hakifiki 60. Basi kwa wastani kwake kina thamani ya 30, kwako 45. Umelipa 60! Jaribu 40, jaribu 20: kwa wastani robo ya pesa yako inapotea. Kule kukubali kwake ndiyo habari yenyewe, nawe unaipata umeshachelewa.

Basi bei iache kwanza. Mwambie: "Mzee, twende kwa fundi wangu, gharama juu yangu." Mwenye kitu kizima atapanda nyuma. Mwenye ubovu atakumbuka ana msiba. Gusa injini kabla hujagusa pochi: ikiwa ya moto, huenda imepashwa kuficha moshi. Omba pia ubaki na laki chache za bei yake hadi mwezi uishe. Vijana mnajisifu kupunguza bei, kumbe mnauziwa ubovu! Mwezi uliopita nilinunua pikipiki ya pili kwa bei aliyotaja mwenyewe, sikupunguza hata shilingi, na inawaka kwa kiki moja.

Yule mzee tunaswali naye Ijumaa. Hunisalimu yeye kwanza, huuliza watoto, huuliza mahindi. Pikipiki hajaiuliza hata siku moja.