Usipime Ute wa Okidi Kabla ya Kuusafisha

Nilipoanza kuchunguza polisakaridi (minyororo mirefu ya sukari inayofanya ute) za Dendrobium officinale, okidi ambayo mashina yake hukaushwa na kutumiwa kama dawa nchini China kwa jina la tiepi shihu, nilifanya kosa ambalo ningependa mwanafunzi anayeanza kazi hii aliepuke. Nilichemsha unga wa mashina, nikachuja, nikamimina ethanoli hadi ute ukajitenga na kuzama, kisha nikaupima mara tu ulipokauka kwa DPPH, kemikali ya zambarau ambayo hugeuka manjano inapokutana na antioksidanti, yaani kitu kinachozuia uharibifu wa oksidisho kwa kutoa elektroni. Rangi ilififia upesi, nami nikaamini kwamba nimeiona nguvu ya polisakaridi.

Kumbe sehemu kubwa ya kazi ile ilifanywa na fenoli (molekuli ndogo za mimea ambazo ni antioksidanti) na protini zilizonasa ndani ya ute. Nilipoondoa protini kwa kutikisa myeyusho pamoja na klorofomu na butanoli, kisha nikauacha ndani ya mfuko wa dayalisisi, katika maji niliyoyabadilisha mara kwa mara ili molekuli ndogo zitoke, uwezo ule ulishuka sana, ingawa haukutoweka. Polisakaridi kuu ya mmea huu ni glukomanani, yaani mnyororo wa sukari za manosi na glukosi wenye vikundi vya asetili, na mnyororo wa aina hiyo ukiwa safi hauwezi kutoa elektroni kwa wepesi wa fenoli.

Kwa hiyo pima fenoli na protini zilizobaki, uziandike kando ya matokeo yako, na tumia vitamini C kwa kulinganisha. Zingatia pia kwamba DPPH huyeyushwa katika methanoli au ethanoli, ilhali polisakaridi hujitenga katika alkoholi, hivyo myeyusho hupata ukungu unaovuruga usomaji wa rangi kwenye mwanga wa nanomita 517. Andaa kwa kila sampuli kipimo kisicho na DPPH, ukitoe katika hesabu. Mimi napendelea ABTS, kemikali nyingine ya rangi ya kupimia antioksidanti, kwa kuwa inafanya kazi vizuri ndani ya maji.

Ukiulizwa na mnunuzi, mweleze kwamba Farmakopia ya China, yaani kitabu rasmi cha viwango vya dawa, inataka mashina makavu yawe na polisakaridi zisizopungua 25%, lakini kiwango hicho kinahusu wingi wake tu. Tena glukomanani haimeng'enywi katika utumbo mwembamba. Hufika utumbo mpana, ambako bakteria huichachusha, na hayo hayaonekani kamwe katika kipimo cha rangi.