Maswali ya Wasomaji: Kijerumani kwa Miezi Mitatu?

Ndugu Mhariri,

Mimi ni muuguzi mwenye umri wa miaka 34, nimeajiriwa katika hospitali moja mkoani Morogoro. Wakala wa ajira za nje ameniambia kwamba nikilipia kozi yake nitazungumza Kijerumani ndani ya miezi mitatu na kuwa tayari kufanya kazi Ujerumani. Tangu mwanzo wa mwaka ninajisomea kwa programu ya simu na kitabu cha sarufi, na maneno mengi ninayafahamu ninapoyaona, ila nikiulizwa jambo dogo tu ulimi unakuwa mzito. Je, ahadi hiyo ni ya kweli? Nami nifanye nini ili nizungumze haraka?

Muuguzi, Morogoro

Dada Muuguzi, tuanze na ahadi, kwa kuwa ndiyo inayogusa mfuko wako. Ujuzi wa lugha za Ulaya hupimwa kwa ngazi sita, kuanzia A1 ya anayeanza hadi C2 ya aliyebobea, na muuguzi aliyesomea nje ya Ujerumani kwa kawaida hutakiwa kufika B2, ambayo ni ngazi ya nne, kabla hajatambuliwa kuwa muuguzi kamili huko. Taasisi ya Goethe, taasisi ya Ujerumani inayofundisha Kijerumani na ambayo ina kituo Dar es Salaam na kingine Nairobi, inakadiria kwamba mwanafunzi huhitaji vipindi 600 hadi 800 vya dakika 45 kufikia ngazi hiyo, yaani saa 450 hadi 600 za masomo. Ukisoma saa mbili kwa siku, siku sita kwa wiki, hesabu hiyo inakupeleka kati ya miezi tisa na mwaka mzima, na hapo hatujagusa zamu za usiku wala uchovu wake. Kwa mwendo huohuo, miezi mitatu itakufikisha mahali fulani katika A2: utajitambulisha, utanunua mkate na utauliza njia, lakini hutaweza kupokea taarifa za wagonjwa wa wodi nzima kutoka kwa muuguzi anayemaliza zamu. Mwombe wakala aandike kwenye mkataba ni ngazi gani anayoahidi na ni mtihani upi utakaoithibitisha. Akikwepa kuandika, jibu umelipata bila kulipa senti.

Sasa ulimi mzito. Hali unayoieleza inajulikana sana kwa watafiti. Mwaka 1985 Merrill Swain wa Kanada aliandika kuhusu watoto waliokuwa wamesomeshwa kwa Kifaransa kwa miaka kadhaa, wakaelewa wanachosikia karibu sawa na watoto ambao Kifaransa ni lugha yao ya nyumbani, lakini walipozungumza wakawa bado wanakosea mambo ya msingi. Maelezo yake yalikuwa kwamba anayesikiliza anaweza kuokota maana kwa kudokoa maneno machache, ilhali anayesema hulazimika kupanga sentensi yote mwenyewe, na ni katika kupanga huko anapogundua pengo lake liko wapi. Wewe umejizoeza kutambua maneno kwenye kioo cha simu, na kutambua ndiko unakokuweza. Kusema ni ustadi mwingine, unaotaka saa zake wenyewe.

Kwa hiyo gawa muda wako upya. Katika saa mbili za siku, walau nusu iwe ya sauti inayotoka kinywani mwako. Chukua rekodi fupi ya Kijerumani ya dakika moja au mbili, isikilize huku ukisoma maandishi yake, kisha isome kwa sauti pamoja na msemaji, ukimfuata nyuma kidogo kama mwitikiaji anavyomfuata mwimbishaji kwenye kwaya, hadi kinywa kiache kujikwaa. Jirekodi, ujisikilize. Wengi huona haya kusikia sauti zao wenyewe. Haya hiyo ivumilie, kwa maana hakuna mwalimu wa bei nafuu kuliko huyo.

Pili, acha kukariri neno mojamoja na ukariri sentensi nzima utakazozihitaji kazini. „Haben Sie Schmerzen?“, ndivyo unavyomuuliza mgonjwa kama ana maumivu. „Können Sie das bitte wiederholen?“, ndivyo unavyomwomba mtu arudie alichosema, na nadhani hii ndiyo utakayoitumia kuliko nyingine zote katika mwaka wa kwanza. Kazi yako ina mazungumzo yanayojirudia kila siku: kumpokea mgonjwa, kumuuliza kuhusu mzio na dawa anazotumia, kumweleza kwamba utampima shinikizo la damu, kukabidhi zamu. Andika kila mojawapo kwa sentensi kumi, zisahihishwe na mwalimu, kisha uzitamke hadi zitoke bila kutafutwa. Mazungumzo kama haya humsaidia muuguzi kuliko orodha ndefu ya majina ya wanyama wa porini ambayo programu nyingi hupenda kuanza nayo.

Sarufi usiitupe, ila ifuate mazungumzo. Ngeli tatu za Kijerumani, der, die na das, huwatisha wengi, lakini sisi tuliolelewa na „kitabu changu“ na „mti wangu“ tumezoea maneno yanayotii nomino. Tofauti ni kwamba kwetu nomino mara nyingi hujionyesha kwa kiambishi chake cha mwanzo, ilhali yao hujificha; kwa hiyo kila nomino ijifunze pamoja na kitangulizi chake tangu siku ya kwanza. Nomino zinazoundwa kwa -ung, -heit na -keit huchukua die, na hapo umeokoa mamia ya maneno kwa mkupuo mmoja. Kinachosumbua zaidi ni kitenzi kinachokimbilia mwisho wa kishazi, kama katika „weil ich Schmerzen habe“, yaani kwa sababu nina maumivu. Hilo halieleweki kwa kusoma kanuni mara kumi; huzoeleka kwa kusema sentensi za weil asubuhi na jioni.

Mtafute pia mtu wa kuzungumza naye walau mara mbili kwa wiki, awe mwalimu au mwanafunzi mwenzako. Na utakapofika wakati wa mtihani, ujue kwamba mtihani wa B2 wa Goethe una sehemu nne, kusoma, kusikiliza, kuandika na kuzungumza, na kila sehemu unaweza kuifanya peke yake na kufaulu kwa alama 60 kati ya 100. Anayeanguka katika kuzungumza halazimiki kuanza yote upya.

Ndugu Mhariri,

Nina miaka 52 na ninauza vinyago Malindi. Vijana wa ufukweni wanazungumza Kiitaliano bila kukanyaga darasa. Je, mimi nimechelewa?

Mchuuzi, Malindi

Mzee wangu, hujachelewa. Catherine Snow na Marian Hoefnagel-Höhle walichapisha mwaka 1978 utafiti wao juu ya wazungumzaji wa Kiingereza waliokuwa wakijifunza Kiholanzi huko Uholanzi, na katika miezi ya mwanzo vijana wa miaka 12 hadi 15 pamoja na watu wazima waliwatangulia watoto wadogo katika vipimo vingi. Mtoto hushinda baadaye, hasa katika matamshi. Lafudhi ya Malindi utabaki nayo, na hakuna mteja atakayeacha kununua kinyago kwa sababu hiyo. Vijana unaowaona wanakuzidi kwa jambo moja tu: wanazungumza na Waitaliano tangu asubuhi hadi jua linapozama, na hawaogopi kuchekwa. Anza na bei, namba, majina ya mbao na maswali ambayo wateja huuliza kila siku, uyaandike kwenye kadi, uyarudie kesho, kisha baada ya siku tatu, kisha baada ya wiki, maana maneno yaliyorudiwa kwa kuachanishwa siku hukaa zaidi kuliko yaliyokaririwa usiku mmoja. Nawe huhitaji kumtafuta wa kuzungumza naye, kwa kuwa wateja wanakufuata kibandani.