Mke wangu ni mgonjwa wa figo, na ndugu zangu wanataka nimpe talaka

SWALI: Assalaam alaykum, Sheikh wangu. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi mkoani Tanga. Figo za mke wangu zimefeli, na sasa husafishwa damu mara tatu kwa wiki. Nimeuza shamba la minazi nililorithi, na juu yake nimechukua mkopo wa riba, ile wanayoiita kausha damu. Mama na dada zangu wanasema nimpe talaka nimrudishe kwao, kwa kuwa ada ya mdogo wangu imekosekana kwa sababu yake. Juzi usiku nilijikuta nikimwomba Mwenyezi Mungu ampumzishe, kisha nikalia. Je, nimekufuru? Na wajibu wangu kwake unaishia wapi?

JIBU: Wa alaykumus salaam warahmatullahi wabarakatuh. Allah ampe mkeo shifaa, na akushike mkono wewe unayemuuguza.

Nianze na ulilolitaja karibu na mwisho, kwa sababu naona ndilo linalokunyima usingizi. Hujakufuru, ndugu yangu. Ulichoka, na moyo uliochoka hutamka yale ambayo haukuyakusudia. Mtume (s.a.w.) alikataza mtu kutamani mauti kwa ajili ya dhara lililompata, na katika hadithi waliyoipokea Bukhari na Muslim akafundisha kwamba asiye na budi aseme: “Ewe Mola, nihuishe maadamu uhai ni kheri kwangu, na unifishe ikiwa kifo ni kheri kwangu.” Nawe ukizidiwa tena, mwombee mkeo kwa mfano wa maneno hayo, kwa kuwa yanamwachia Allah uamuzi.

Ama talaka, mama yako ana haki kubwa, wala usimpandishie sauti, lakini utiifu kwake haufiki hapo. Mtu mmoja alimwendea Imamu Ahmad bin Hanbal, mmoja wa maimamu wa madhehebu manne, akasema baba yake anamwamuru amwache mkewe, naye akamwambia asimwache. Yule mtu akauliza: je, Khalifa Umar hakumwamuru mwanawe Abdullah amwache mkewe? Imamu akamjibu: labda baba yako awe kama Umar, yaani mwadilifu kama yeye. Na huyo mkeo hata kosa hana; amepatwa na maradhi tu. Mkumbushe mama, kwa upole na mkiwa wawili, habari za Sayyidna Uthman, sahaba wa Mtume. Mwaka wa 2 Hijria jeshi lilipotoka kwenda vita vya Badri, yeye alibaki Madina kumuuguza mkewe Ruqayya, binti wa Mtume, naye Mtume akamwambia kwamba atapata ujira na fungu la mtu aliyehudhuria Badri. Ruqayya hakupona, bishara ya ushindi ilifika watu wakiwa wanamzika. Hata hivyo kule kukaa kwake Uthman kitandani pa mgonjwa kulihesabiwa kuwa ni jihadi.

Kuhusu gharama, vitabu vya kale vya madhehebu ya Shafi, tunayoyafuata wengi wetu huku pwani, havikumlazimisha mume kulipa tabibu wala dawa. Wanazuoni wengi wa zama zetu wameona kwamba tiba leo ni hitaji kama chakula, na mimi naelekea kauli hiyo, kwa kuwa Allah amesema: “Na kaeni nao kwa wema.” Lakini mpaka wake ni uwezo wako, kwani Suratut-Talaq, aya ya 7, inasema Allah haikalifishi nafsi ila kwa kadiri ya alichoipa. Kwa hiyo kuuza shamba ni hisani utakayolipwa, ila mkopo wa riba hukutakiwa kuuchukua. Tubu, usiongeze mwingine, na ulipe huu kwanza. Ada ya mdogo wako inafuata baada ya mkeo na mama yako mhitaji, kwa mujibu wa hadithi ya Muslim inayotuagiza tuanze na nafsi zetu, kisha watu wa nyumbani, kisha jamaa wa karibu.

Tena usione haya kupokea zaka. Mwenye deni aliyeshindwa kulipa yumo katika mafungu manane ya wanaostahiki zaka yaliyotajwa katika Suratut-Tawba, na dada zako wenye mali wanaruhusiwa kukupa wewe zaka yao, jambo ambalo huenda hawalijui. Ningependa uwaite wazee wa pande zote mbili, wa kwako na wa mkeo, uwawekee mezani hesabu ya kila mwezi bila kuficha kitu, na ugawe zamu za kumpeleka hospitali. Umekuwa ukibeba peke yako, na ndugu wasioujua uzito wa mzigo ni wepesi wa kulaumu.

Ramadhani ikifika, ikiwa madaktari wanasema hatarajiwi kupona, hana saumu wala kadha, yaani kuzilipa siku hizo baadaye. Atatoa fidia ya kibaba kimoja cha chakula kwa maskini kwa kila siku, na mkishindwa kwa sasa, msikope kwa ajili yake.

Wallahu a'alam.