Bima ya Gari: Nani Anakingwa Akishika Usukani?

SWALI: Ndugu Mhariri, nimenunua gari aina ya Toyota IST na ninataka kulikatia bima kubwa. Wakala ameniletea fomu akaniambia nitie saini tu, mengine atayajaza mwenyewe. Gari nitaliendesha mimi, lakini mke wangu pia atalitumia kwenda kazini, na mdogo wangu, aliyepata leseni mwaka huu, atanisaidia kupeleka watoto shuleni. Huyu mdogo wangu anaomba pia alitumie mwisho wa wiki kubeba abiria wanaoita usafiri kwa simu. Je, bima yangu itawakinga wote?
Msomaji, Morogoro

JIBU: Ndugu msomaji, kwanza kabisa, tafadhali usitie saini fomu ambayo haijajazwa. Fomu ya maombi ndiyo msingi wa mkataba wako, kwa kuwa kampuni hupanga ada na masharti kwa kutegemea majibu yaliyomo, na siku ya ajali itakuwa miongoni mwa karatasi za kwanza kufunuliwa. Penye swali la nani ataendesha gari, wakala mwenye haraka huandika “mwenyewe” na kugeuza ukurasa. Saini iliyo chini ni yako, na atakayeulizwa kwa nini mkeo na mdogo wako hawakutajwa ni wewe, wala si wakala.

Kwa kawaida, bima kubwa ya gari la binafsi, yaani ile inayolipia pia hasara ya gari lako mwenyewe, humkinga mwenye bima pamoja na mtu mwingine anayeendesha kwa agizo au ruhusa yake, mradi mtu huyo awe na leseni hai ya daraja linaloruhusu gari hilo na asiwe amezuiwa kuendesha. Kwa msingi huo, mkeo akiwa na leseni hai hana tatizo. Ziko hata hivyo hati zinazotaja madereva kwa majina, na asiyetajwa humo hakingwi hata akiwa mwanao wa kumzaa. Kwa hiyo omba kifungu kinachohusu dereva ukisome kabla hujalipa. Kumbuka pia kwamba ruhusa yako haichukui nafasi ya leseni. Kijana mwenye leseni ya daraja A, ambayo ni ya pikipiki, hawi dereva halali wa IST yako kwa sababu tu umemkabidhi ufunguo.

Kwa mdogo wako kuna jambo la ziada. Kampuni nyingi humwongezea dereva kijana au mwenye leseni mpya kile kiasi cha hasara ambacho mwenye bima hubeba mwenyewe kabla kampuni haijaanza kulipa. Ulizia kiasi hicho kwa shilingi, kisha uamue kama utamudu kukitoa siku akigonga.

Kuhusu abiria, jibu langu ni hapana, na ninakusihi ulizingatie. Bima ya matumizi binafsi haihusu kubeba watu kwa malipo, hata dereva awe hodari na leseni yake iwe safi. Akipata ajali akiwa na abiria anayelipa, kampuni ina haki ya kukataa kulitengeneza gari lako. Kama familia inahitaji kipato hicho, andika matumizi ya biashara kwenye fomu na ulipe ada inayostahili, naye awe na leseni ya daraja la kubeba abiria. Kwa mfano, gari binafsi la shilingi milioni 15, kwa kiwango cha asilimia 3.5, ada yake ni 525,000, na ikiongezwa kodi ya VAT ya asilimia 18 inakuwa 619,500. Bima ya biashara itazidi hapo, lakini ni nafuu kuliko kupoteza gari zima.

Ukilipa, ingiza namba ya gari kwenye mfumo wa Mamlaka ya Usimamizi wa Bima (TIRA) uhakikishe kwamba stika inasomeka na aina ya bima ni ile uliyoilipia.

SWALI: Nina bima ndogo. Nikipata ajali kwa kosa langu nikaumia, nitalipwa?
Msomaji, Tanga

JIBU: Hutalipwa. Bima ndogo, ambayo ni ya lazima kisheria, huwalipa watu wengine uliowadhuru. Wewe uliyeshika usukani huhesabiwi miongoni mwao, wala gari lako halitengenezwi. Omba kampuni ikuongezee bima ya ajali binafsi kwa dereva.

SWALI: Nimenunua gari kwa jirani na stika yake ina miezi iliyobaki. Niendelee nayo?
Msomaji, Dodoma

JIBU: Usiendelee nayo kimyakimya. Mkataba ule ni wa jirani yako na kampuni, na gari likishauzwa yeye hana tena cha kukukingia. Nendeni pamoja kwa kampuni hiyo mkiwa na mkataba wa mauziano, muombe bima ihamishiwe kwako. Ikikataa, kata yako mpya kabla hujaliingiza gari barabarani.