Jibu: Pingamizi langu la kodi limekataliwa, nifanyeje?

Salaam ndugu. Umesema uliletewa makadirio ya ziada ya kodi, ukaweka pingamizi kwenye iTax (mfumo wa kodi wa mtandaoni wa Kenya), nalo likarudishwa kuwa si halali.

Kwanza tazama tarehe ya notisi ya makadirio. Sheria ya Taratibu za Kodi ya Kenya ya 2015, kifungu cha 51, inakupa siku 30 tu za kuweka pingamizi. Zikipita, unaomba kuongezewa muda kwa sababu ya kweli kama ugonjwa au kuwa nje ya nchi, na uthibitisho uambatishe.

Halafu soma upya ulichoandika. "Kodi hii si ya haki" haitoshi. Andika ni kiasi gani unachopinga, kwa nini, na unataka kirekebishwe vipi. Sehemu usiyoipinga ilipe au uombe mpango wa kulipa. Wengi hukwama hapa. Weka ankara na taarifa za benki zote, maana mzigo wa kuthibitisha ni wako.

Pingamizi likiwa halali, Kamishna wa kodi ana siku 60 za kuamua. Akinyamaza, umeshinda kisheria. Akikukatalia, peleka notisi ya rufaa kwenye Baraza la Rufaa za Kodi ndani ya siku 30. Tunza risiti ya iTax!