Mishipa haijaziba, mbona damu inasota?

SWALI: Shikamoo daktari. Mimi ni dereva wa daladala, miaka 44, naishi Tabata, navuta sigara. Kifua kinabana hata nikiwa nimekaa. Nimepigwa picha ya mishipa ya moyo, nikaambiwa haijaziba ila damu inakwenda polepole. Sasa kuna mtu Kariakoo ananiuzia vidonge vya "seli za kukarabati mishipa", eti chupa mbili tu napona. Ni kweli?

JIBU: Marahaba. Ulichoambiwa hospitali ni kweli. Madaktari waliieleza hali hiyo tangu 1972. Kwenye picha, ambayo ni video, tunahesabu fremu (picha moja moja za video) mpaka dawa ya rangi ifike mwisho wa mshipa. Kawaida ni kama 21. Zikizidi 27, kwa kamera ya fremu 30 kwa sekunde, damu inasota.

Wewe dereva utanielewa: foleni unayoikuta Buguruni mara nyingi haikuanzia Buguruni. Barabara kuu yako ni nyeupe. Waliokaza ni vimishipa vya mbele huko, vidogo mno kuonekana kwenye picha.

Seli za kukarabati mishipa nazo zipo, zilitangazwa na watafiti 1997. Hutoka kwenye uboho wa mifupa, husafiri na damu, na husaidia kutengeneza utando wa ndani ya mshipa pale ulipochakaa. Utando huo ndio unaotoa naitriki oksaidi, gesi inayolegeza mshipa. Wagonjwa wa damu inayosota wamekutwa na seli hizi chache au dhaifu. Lakini vitu viwili kukutwa pamoja si lazima kimoja kimezaa kingine. Huenda sigara imeharibu vyote viwili, seli na mwendo wa damu.

Vidonge? Achana navyo. Seli ni kitu hai, ukiimeza tumbo linaisaga kama mshikaki.

Seli zako mwenyewe zinaweza kuongezeka. Ukiacha sigara, idadi hupanda ndani ya wiki chache. Kutembea kwa kasi pia huziongeza, na wewe unashinda umekaa kwenye usukani. Rudi kliniki na majibu yako, pimwa presha, sukari na kolesteroli, kisha muulize daktari wako kuhusu statini. Hizo ni za kolesteroli, ila utando nao hufaidika.

Kifua kikibana dakika kumi na tano bila kuachia, au jasho jembamba likikutoka, nenda hospitali saa hiyo hiyo. Usukani mwachie mwingine.