Chipu imepinda, msikimbilie gundi

Wakuu, maswali yamejaa na nusu yake ni yale yale. Leo nachukua ya chipu za mwanga, vile vipande vidogo vya leza na faiba (uzi wa kioo unaopitisha mwanga), zinazopinda wakati wa kubandikwa.

Gundi gani nzuri ili chipu isipinde? Mwanafunzi, Mlimani

Hili kila wiki lipo, na kila wiki muulizaji hasemi anabandika juu ya nini! Mdogo wangu, gundi baadaye, kwanza niambie chini kuna nini. Silikoni inatanuka 2.6 kwa milioni kwa kila nyuzi moja ya joto, shaba inakaribia 17, sasa chukua chipu ya silikoni ya milimita 10 uiunganishe na shaba kwenye moto alafu ipoe nyuzi 200, shaba inataka kusinyaa kuizidi chipu kwa kama maikroni 28 (maikroni elfu ndo milimita moja) na haiwezi manake zimeshashikana, ndo hapo zinajikunja pamoja. Na kiini cha faiba ya singo modi, ile yenye njia moja tu ya mwanga, ni kama maikroni 9 tu, chipu ikipinda kidogo mwanga unapita pembeni. Leza nyingi za kurusha mwanga kwenye faiba hiyo ni za indiamu fosfaidi, inayotanuka 4.6, ndo maana wanazikalisha juu ya aluminiamu naitraidi, aina ya kauri, ambayo ni kama 4.5. Shaba inapoza vizuri sawa, ila mnaipenda kwa sababu ipo dukani, semeni ukweli.

Naweza kuibana na chuma mpaka ilale? Fundi, Kariakoo

Ukiiachia inarudi, kama haijapasuka.

Nitapimaje bila mashine ya bei mbaya? Tegeta

Afadhali, mtu kauliza kupima. Tafuta kioo bapa cha kupimia na taa ya sodiamu, weka kioo juu ya chipu taratibu, usikisugue, na kama chipu ina nyaya juu usijaribu kabisa. Utaona mistari myeusi, kutoka mmoja hadi mwingine kimo kinatofautiana nusu ya urefu wa wimbi la mwanga, kwa sodiamu ni kama nanomita 295. Ikinyooka na kupishana sawasawa iko bapa, ikizunguka kama pete imebinuka, hesabu pete ujue kwa kiasi gani. Futa vumbi kwanza, punje moja inakudanganya. Na pima KABLA ya kubandika pia, chipu nyingine zinatoka kiwandani zimeshapinda kwa ajili ya tabaka zilizopakwa juu, alafu lawama anabeba mbandikaji.

Si nitumie chipu nyembamba itulie yenyewe? Mwanafunzi, DIT

Kinyume chake kaka. Ukipunguza unene nusu, ukakamavu unabaki moja ya nane.

Umeme ulikatika gundi ikiwa kwenye oveni, niendelee? Dada wa Tabata

Pole dada, hicho kipande weka pembeni, hujui kimeiva wapi na hakijaiva wapi. Kingine oka kwa joto la chini muda mrefu zaidi, kama karatasi ya maelezo ya gundi inaruhusu, manake pengo la joto likiwa dogo na kupinda kunapungua. Na hapohapo niseme, gundi nyingi za epoksi za chipu zinatunzwa kwenye friza nyuzi -40, wewe unanunua iliyokaa rafuni kwenye joto la Dar alafu tarehe imekwanguliwa?

Nimefuata yote bado imepinda. Hakutaja anakotoka

Yote yapi? Tuma vipimo vya kabla na baada, jina la kilichopo chini, na joto ulilotumia.